Kabla hujashika kipaza sauti: mwongozo kamili wa maandalizi ya tukio kwa mzungumzaji wa kulipwa

Mwaka wangu wa pili katika kazi hii nilialikwa kuzungumza na maofisa mauzo wa kampuni moja mkoani. Ujumbe wa simu ulisema kikao kinaanza "saa 8:00". Aliyeuandika alikuwa anasoma ratiba ya Kiingereza, akimaanisha saa mbili asubuhi. Mimi nikaisoma kama Mswahili yeyote anavyoisoma: saa nane mchana. Nilifika nimevaa suti, slaidi 30 mkononi, nikawakuta watu wanafuta midomo baada ya chakula na mabasi yao yanawashwa nje. Tuliombana radhi pande zote mbili. Usiku ule nikaandika fomu ya maswali ambayo naitumia mpaka leo, na mwongozo huu ni ile fomu, nikiieleza swali kwa swali.

Sitazungumzia namna ya kutunga mada wala kusimama mbele za watu. Hapa ni ukumbi, safari, mitambo, ratiba na malipo: yale ambayo yakiharibika, hotuba nzuri haisikiki. Mifano mingi ni ya Tanzania kwa sababu ndiko ninakofanyia kazi, na pale ninapovuka mpaka nitasema.

Jambo moja nalishikilia kuliko yote. Mwandaaji ana mambo mia kichwani: wapishi, viti, maturubai, mgeni rasmi, posho za washiriki. Wewe ni mstari mmoja kwenye karatasi yake. Kwa hiyo kila linalokuhusu lazima liwe na jina la mtu na namba yake ya simu. "Projekta itakuwepo" si jibu. "Projekta analeta Juma, namba yake hii" ndilo jibu. Uliza "nani?" kabla ya kuuliza "lini?".

Hatua ya kwanza: maswali kabla ya kukubali

Mwaliko ukifika kwa simu, pokea kwa furaha, shukuru, kisha omba dakika kumi za mazungumzo kabla hujasema ndiyo. Katika dakika hizo pata majibu ya mambo haya:

- Tarehe, siku ya juma, na saa kwa mifumo yote miwili. Andika "saa 3:00 asubuhi, yaani 09:00". Fanya hivyo kila mara, hata kwa mtu unayemfahamu.
- Wasikilizaji ni nani, wangapi, na watakuwa wametoka kufanya nini kabla yako. Watu waliokaa kwenye mafunzo siku tatu si sawa na watu waliofika asubuhi hiyo.
- Lugha. Kiswahili, Kiingereza, au kuna mkalimani?
- Nani amekuja na wazo la kukualika, na anataka watu watoke na nini.
- Ukumbi upi hasa. Hoteli moja inaweza kuwa na kumbi nne, na mlinzi wa getini huenda asijue upi ni wako.
- Nani atakuwa mtu wako wa mawasiliano siku yenyewe. Mara nyingi si yule aliyekupigia. Yeye siku hiyo atakuwa anamkimbilia mgeni rasmi.

Kama tukio liko nje ya nchi, ongeza swali la saa za huko. Kenya na Uganda wako sawa na sisi. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo wako nyuma yetu kwa saa moja, Oman wako mbele kwa saa moja. Kwa kikao cha mtandaoni, saa moja hiyo ndiyo inayokufanya uingie wakati wengine wanaagana.

Angalia kalenda pia. Ijumaa mchana hakuna mzungumzaji anayeshindana na adhana, na hapaswi kushindana nayo. Mwezi wa Ramadhani, kikao cha alasiri kinatakiwa kiishe mapema watu wawahi kufuturu nyumbani, na kile cha jioni kianze baada ya futari, si kabla. Ukimkumbusha mwandaaji jambo hili kwa upole, atakushukuru.

Hatua ya pili: maandishi na fedha

Baada ya simu, tuma barua pepe au ujumbe wa WhatsApp unaorudia yote mliyokubaliana, na umalizie kwa: "Naomba unithibitishie kwamba nimeelewa sawasawa." Jibu lao la "ndiyo" lina thamani kubwa siku ambayo mtu aliyekualika amehamishwa idara.

Mkataba wa kurasa mbili unatosha. Uwe na ada, tarehe za malipo, nani analipa usafiri, malazi na chakula, na itakuwaje tukio likiahirishwa. Mimi huomba nusu ya ada kabla ya siku ya tukio na nusu ndani ya siku 14 baada yake. Wapo wasioweza kulipa kabla, hasa taasisi za umma, kwa kuwa taratibu zao za fedha zina njia yake. Kwao omba barua rasmi ya mwaliko iliyosainiwa, na uliza mapema kama manunuzi ya huduma yako yatapita kwenye NeST, mfumo wa mtandaoni wa manunuzi ya umma, kwa sababu kujisajili huko si kazi ya jioni moja. Kwa kampuni binafsi, omba LPO, yaani hati yao rasmi ya kuagiza huduma. Usianze kununua tiketi kwa fedha zako bila kimojawapo cha hivi.

Kisha kodi. Hapa nimeona wenzangu wengi wakiumia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Tanzania, taasisi inayokulipa ada ya huduma ya kitaalamu hukata kodi ya zuio ya asilimia 5 ukiwa mkazi, na asilimia 15 kwa asiye mkazi. Mkikubaliana shilingi 2,000,000, usishangae kuona 1,900,000 kwenye akaunti. Ile 100,000 haijapotea: dai cheti cha zuio, kwa kuwa kiasi hicho huhesabiwa kama sehemu ya kodi uliyokwisha kulipa. Bila cheti ni fedha iliyokwenda. Kwenye makubaliano andika waziwazi kama ada uliyotaja ni kabla ya makato au ndiyo utakayopokea mkononi. Kampuni nyingi zitakudai namba ya TIN na risiti ya EFD, ile inayotoka kwenye mashine ya kodi, kabla ya kulipa. Ukifanya kazi na kampuni za Kenya kama mkazi wa huko, utadaiwa ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi ya huko. Weka nyaraka hizi tayari kwenye folda moja ya simu yako.

Bahasha unayopewa mwishoni mwa sherehe ni heshima, ipokee kwa mikono miwili. Lakini usiiruhusu ichukue nafasi ya ada iliyoandikwa.

Hatua ya tatu: safari

Kanuni yangu haibadiliki: nje ya mji ninakoishi, nafika siku moja kabla. Gharama ya usiku mmoja hotelini inaingia kwenye makubaliano tangu mwanzo.

Kwa Dodoma, treni ya SGR imebadilisha maisha yetu tangu ilipoanza kufika huko Julai 2024. Safari iliyokuwa inakula siku nzima barabarani sasa ni kama saa nne au chini ya hapo. Kata tiketi mapema na uwe na kitambulisho chenye jina lile lile lililo kwenye tiketi. Malazi ya Dodoma ndiyo yanayosumbua zaidi. Kuanzia Aprili hadi Juni Bunge la bajeti linapokaa, vyumba vizuri vinaisha, kwa hiyo mwulize mwandaaji si tu kama "malazi yapo" bali jina la hoteli na namba ya uthibitisho.

Kwa Arusha, soma tiketi ya ndege vizuri. Kuna uwanja wa Kisongo, ulio jirani na mji, na kuna KIA, uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro, ambao uko karibu kilomita 50 kutoka mjini. Dereva aliyeambiwa "mpokee mgeni uwanjani" anaweza kwenda usipotua. Ndege ndogo zinazotua Kisongo na visiwani mara nyingi huruhusu kilo 15 tu za mizigo, kwa hiyo maboksi ya vitabu yatangulie kwa basi.

Zanzibar kwa boti ni kama saa mbili. Wakati wa upepo wa kusi bahari huchafuka, na kama tumbo lako halipatani na mawimbi usipande boti ya asubuhi ya siku ya kuzungumza. Vuka jana yake, ulale, uamke na sauti yako.

Ndani ya Dar es Salaam yenyewe usijidanganye kwa umbali. Mvua za masika, Machi hadi Mei, zikinyesha usiku, Jangwani hujaa maji, na Barabara ya Morogoro ikifungwa foleni yote inahamia kwingine. Siku kama hiyo mimi huondoka nyumbani alfajiri na kunywa chai jirani na ukumbi.

Kuvuka mpaka: Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wamezoea kutembeleana kwa vitambulisho vya taifa, lakini sisi Watanzania tunahitaji pasipoti au hati ya kusafiria. Cheti cha homa ya manjano kinaanza kutambulika siku 10 baada ya chanjo, hivyo kuchanja juzi ya safari hakukusaidii; habari njema ni kwamba tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha. Mwulize mwenyeji wako kama kazi ya kulipwa, hata ya siku moja, inadai kibali cha muda katika nchi yake, na jibu alipate Uhamiaji, si kwa rafiki. Soketi nazo hutofautiana: Kenya, Uganda na Oman utatumia plagi ya miguu mitatu ya bapa kama yetu, ila Rwanda, Burundi na Kongo ni ya miguu miwili ya duara.

Hatua ya nne: ukumbi, na mtu anayeitwa fundi mitambo

Kama una nafasi ya kufanya hatua moja tu ya mwongozo huu, fanya hii.

Fundi mitambo ndiye mwenye uwezo wa kukufanya usikike au usisikike, na ndiye mtu ambaye wazungumzaji wengi hawamsalimii. Pata namba yake wiki moja kabla. Mpigie wewe mwenyewe. Mwambie unahitaji nini, na umsikilize anachokuambia kuhusu ukumbi wake, maana anaufahamu kuliko yeyote. Mara moja fundi aliniambia kwenye simu, "Kaka, ukisimama kulia kwa jukwaa spika zitapiga mluzi." Hakuna mkurugenzi ambaye angenieleza hilo.

Muulize kuhusu kipaza sauti. Kuna cha mkononi, cha kwenye stendi, cha kubana kifuani na cha kuvaa sikioni. Mimi hupendelea cha kuvaa kwa kuwa mikono yangu inabaki huru, lakini daima naomba cha mkononi kiwe mezani chenye betri mpya. Kwa dada zangu: cha kubana kifuani kinahitaji kola au ukosi wa kushikia, na kile kiboksi chake kinahitaji mkanda au mfuko. Gauni lisilo na kimojawapo litawasumbua. Anayevaa mtandio au hijabu apime kipaza sauti akiwa ameuvaa, kwani kitambaa kikisugua kinatoa mlio unaofunika maneno.

Projekta: waya gani upo, HDMI au ule wa zamani wa VGA? Laptopu mpya nyingi hazina hata kimoja, zina tundu la USB-C tu. Beba adapta zote mbili, zako, zenye jina lako. Uliza umbo la skrini, pana au karibu na mraba, kabla hujatengeneza slaidi. Kama tukio liko chini ya turubai mchana, jua litameza picha. Andika maneno makubwa meusi kwenye rangi nyeupe, au achana na slaidi kabisa. Nimezungumza chini ya mwembe bila projekta na watu wakaandika zaidi kuliko kwenye hoteli ya nyota tano.

Umeme: jenereta ipo? Nani anaiwasha, na inachukua dakika ngapi? Hapo katikati utafanya nini? Mimi nina kisa kimoja kifupi ambacho huwa nakiweka akiba kwa dakika hizo. Nashuka jukwaani, nasogea katikati ya watu, nakisimulia kwa sauti yangu tu. Umeme ukirudi, naendelea nilipoishia.

Siku ya tukio, au jioni iliyotangulia, nenda ukumbini kabla watu hawajaingia na ufanye haya kwa mpangilio huu. Simama jukwaani uongee kwa sauti yako ya kawaida. Nenda kiti cha mwisho kabisa, fundi aongee, wewe usikilize. Kaa nyuma ya nguzo, kama zipo, uone kama skrini inaonekana. Washa viyoyozi vyote na feni, kwa sababu siku yenyewe vitawaka na vina kelele. Pitisha slaidi zote, siyo ile ya kwanza tu. Video hasa ndiyo hugoma kwa sauti. Kisha muulize msimamizi wa chakula ni saa ngapi vyombo vinaanza kupangwa. Kelele za sahani nyuma ya ukumbi humshinda mzungumzaji yeyote, na mkikubaliana mapema wahudumu watasubiri kwa moyo mmoja.

Mkalimani naye ni wa hatua hii. Akitafsiri baada yako sentensi kwa sentensi, dakika zako 40 zimekuwa 20. Mpe mada siku tatu kabla, na methali zote utakazotumia. Akiwepo mkalimani wa lugha ya alama, asimame penye mwanga na usimpite mbele.

Hatua ya tano: ratiba, itifaki na mgeni rasmi

Ratiba inasema utaanza saa 4:00 asubuhi. Saa 4:15 mgeni rasmi yuko njiani. Saa 4:50 anafika, watu wanasimama, wimbo unaimbwa, utambulisho unaanza kwa kila aliye meza kuu. Saa 5:40 MC anakuja nyuma ya jukwaa na kukunong'oneza: "Mwalimu, tunaomba utumie dakika kumi na tano." Ulikuwa umepewa 45.

Hili si la ajabu kwetu, na kulikasirikia hakusaidii. Heshima kwa mgeni ni sehemu ya tukio. Wajibu wako ni kuja umejiandaa kwa hali hiyo.

Andaa mada moja katika saizi tatu: dakika 45, 30 na 15. Ile ya 15 usiipate kwa kuongea haraka. Chagua hoja moja kati ya tatu, kisa kimoja, na jambo moja la kufanya kesho asubuhi, uandike kwenye kadi yake. Slaidi zake ziwe faili tofauti. Ukiambiwa punguza, unabadilisha faili, na wasikilizaji hawatajua kuna kilichokatwa. Kusema "muda wangu umepunguzwa" mbele ya watu ni kumlaumu mwenyeji wako hadharani.

Pia ongea na mwandaaji wiki moja kabla kuhusu nafasi yako kwenye ratiba. Mwombe akuweke baada ya mgeni rasmi kuhutubia au kabla kabisa hajafika, usiwe mtu wa kujaza pengo wakati anasubiriwa. Ukijaza pengo, utakatishwa katikati ya sentensi pindi gari lake linapoingia. Ikilazimika kuwa hivyo, beba kitu kinachoweza kukatwa popote, kama maswali na majibu.

Kuhusu itifaki, pata orodha ya majina na vyeo vya meza kuu kwa maandishi, asubuhi ya siku hiyo, kutoka kwa afisa itifaki au katibu. Cheo kinabadilika usiku mmoja. Kama waliotangulia wameshawataja wote, "itifaki imezingatiwa" inatosha, na dakika tatu zimerudi kwako.

MC mpe utambulisho wako wa maneno 60 kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, jina lako likiwa limegawanywa kwa silabi kama ni gumu. Usimwachie autafute mtandaoni. Kubalianeni ishara: kadi ya dakika tano, kadi ya dakika moja. Na mwambie ukweli kwamba ukiona kadi utamaliza.

Hatua ya sita: siku yenyewe

Nafika saa moja na nusu kabla. Namtafuta fundi, namsalimia kwa jina. Nakabidhi slaidi kwenye flashi, nakala ya PDF imo, na nyingine iko kwenye barua pepe. Nakula kidogo. Maji ya vuguvugu, si ya baridi. Simu naizima kabisa, kwa kuwa hata ikiwa kimya huweza kuleta mkoromo kwenye spika.

Mkobani kuna: adapta mbili, rimoti ya slaidi, betri za AA, waya wa umeme wa mita tano, kalamu za ubao, shati la akiba, dawa ya kichwa, nakala ya mkataba, na kadi ya Lipa Namba kama nauza vitabu. Meza ya vitabu iwe karibu na mlango wa kutokea, na asimamie mtu mwingine. Wewe utakuwa unasalimiana na watu.

Watakaopiga video, uliza mapema itatumika wapi. Mkataba useme kama wanaweza kuiweka yote mtandaoni au vipande tu, na kwamba utapewa nakala.

Hatua ya saba: baada ya kushuka jukwaani

Usiondoke kabla hujamshukuru fundi, MC na wahudumu. Jioni hiyo hiyo tuma ujumbe wa shukrani kwa mwandaaji, ukitaja jambo moja alilolifanya vizuri. Kesho yake tuma ankara kwa mhasibu, siyo kwa aliyekualika, ukiambatisha mkataba, TIN na namba ya akaunti. Muulize mhasibu siku wanazolipa. Ofisi nyingi hulipa kwa makundi, na ankara ikichelewa siku moja inasubiri kundi linalofuata. Siku ya 14 ikifika kimya, piga simu kwa sauti ile ile uliyotumia kukubali mwaliko. Cheti cha zuio kidai hapo hapo.

Mwisho, fungua daftari uandike ukumbi huo: kipaza sauti kipi kilikuwa kizuri, nguzo ziko wapi, fundi anaitwa nani, foleni ilikuwaje, hoteli ipi ina kelele. Daftari langu sasa lina kumbi zaidi ya sitini. Mwenzangu anapoalikwa mahali nilipowahi kufika, hunipigia, nami humsomea ukurasa wake.